SUMU NJIANI: TUMLINDE MBWA WA ZAMU, TUJILINDE NA SISI

Pengine yuko atakayesoma kichwa cha habari hii akaguna: je, chama cha wafanyakazi kimeishiwa maneno hata kianze kuzungumza habari za mbwa? Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, bei sokoni zinapanda, nasi tunaandika juu ya mnyama wa mtu mwenye nyumba ya ukuta mrefu! Swali hilo ni la haki, na tunazo sababu tatu za kulijibu.

Kwanza, mbwa wa Kinindo mara nyingi hutembezwa na mfanyakazi. Mtaa huu wa kusini mwa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, una nyumba nyingi za kuta ndefu. Nyuma ya malango yake wamo walinzi, au mazamu kama tunavyowaita hapa kwetu, wamo wapishi na watunza bustani. Hao ni ndugu zetu. Baba yuko kiwandani, mtoto wake ni zamu Kinindo. Shangazi anachuma chai, mpwa wake anafua nguo za watu Kinindo. Kumtembeza mbwa wa mwajiri ni kazi kama kazi nyingine, na kazi ina hatari zake.

Pili, usiku mbwa ndiye mwenzake zamu. Mwizi mwenye nia ya kuruka ukuta hutangulia kumwondoa mbwa, na silaha yake ni kipande cha nyama kilichotiwa sumu. Mbwa akinyamazishwa, anayebaki kusimama mbele ya panga ni zamu mwenyewe na tochi yake. Kwa hiyo uhai wa mbwa ni ngao ya uhai wa mfanyakazi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, sumu nyingi inayookotwa na mbwa barabarani haikuota pale. Ililetwa na mtu. Mara nyingi safari yake ilianza katika ghala la shamba au la kiwanda, ikasafiri mfukoni au katika chupa ya soda, hata ikafika mtaani. Tukiifuata njia hiyo kinyumenyume tutajikuta tumesimama mlangoni pa kazi yetu wenyewe. Na palipopita pua ya mbwa leo, kesho utapita mkono wa mtoto.

MBWA HUOKOTA NINI?

Mbwa huujua ulimwengu kwa pua na kwa mdomo. Binadamu akiona kitu kigeni hukitazama kwanza. Mbwa hukinusa, na kikinukia vizuri amekwisha kukimeza kabla mwenye kamba hajageuza shingo. Basi yafaa anayemtembeza ajue mapema ni vitu gani vya kuogopwa.

Tuanze na vile tusivyovidhania. Pembeni mwa kabare na mabaa hutupwa vijiti vya mishikaki. Kijiti kile kimenyonya mafuta na chumvi ya nyama, na mbwa hukimeza pamoja na ncha yake. Kikifika tumboni chaweza kutoboa utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali kama vigae. Gunzi la mahindi ya kuchoma halimeng'enywi tumboni mwa mbwa. Hukaa katika utumbo kama kizibo katika chupa, na bila kupasuliwa mbwa aweza kufa. Ndivyo ilivyo kwa kokwa ya embe na kokwa ya avokado. Mfuko wa nailoni uliofungia ndagala hunukia samaki, naye mbwa hawezi kujua kwamba ni mfuko.

Upande wa ziwani kuna ndoana na nyuzi za wavuvi. Ndoana yenye kichwa cha samaki ni mtego kamili kwa mbwa. Akikutwa na uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute, kwa maana ndoana itazidi kuchimba kooni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo uzi ukiwa vilevile. Huko huko ziwani viboko hutoka majini usiku kula majani, na mamba wapo. Mbwa asiachiwe kamba karibu na maji. Tena tukumbuke miaka ambayo ziwa lilipanda, kama mwaka 2024, maji yakaingia katika mitaa ya pwani ikiwemo Kibenga. Maji ya namna hiyo yanapopungua huacha taka, mizoga na uchafu wa vyoo, na njia iliyokuwa salama mwaka jana huenda si salama tena.

Halafu iko mimea. Mbegu za mbarika, nzuri kwa macho na zenye madoadoa, zina sumu kali sana zikitafunwa. Oliyanda, ua la waridi au jeupe linalopandwa kupamba bustani, lina sumu ya moyo katika majani, maua na vijiti vyake. Na ule mti wa uzio wenye maua ya njano kama kengele ni jamaa yake. Utomvu mweupe wa minyaa huunguza macho na mdomo. Mtunza bustani anayepogoa miti hiyo asiache matawi barabarani, kwa maana mbwa kijana hupenda kutafuna vijiti.

Na vipo vitu vya gereji na vya mezani. Maji ya rejeta ya gari, yale yenye rangi yaliyotiwa dawa, yana ladha tamu na huua figo. Asidi ya betri huunguza. Mafuta machafu ya injini mbwa huyalamba kutoka katika manyoya yake mwenyewe. Chokoleti nyeusi ni sumu kwa mbwa, na chingamu isiyo na sukari, ikiwa imetiwa utamu uitwao zailitoli, hushusha sukari ya damu yake ghafla hata akaanguka.

Lakini vinara wa hatari ni sumu zilizotengenezwa ili ziue. Hizi ni za aina nne, na yafaa kuzitenga, kwa sababu kila moja ina mwendo wake.

SUMU NNE NA DALILI ZAKE

Ya kwanza ni dawa za kuulia wadudu wa mashambani, hasa zile za jamii ya ogano-fosfeti na ya kabameti. Hizi hushambulia mishipa ya fahamu. Ndani ya dakika chache au saa chache mbwa hutokwa na udere mwingi, machozi, mkojo na kinyesi bila kujizuia. Hutapika, mboni za macho hunywea zikawa kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, pumzi hukatika. Daktari anayo dawa yake, nayo ni atropini, ile ile anayopewa mfanyakazi wa shambani aliyevuta dawa hizo. Ndugu zetu wanaonyunyizia dawa mashambani, zisomeni dalili hizo mara ya pili: ndizo zenu pia.

Ya pili ni sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Hizi ni za hila. Mbwa aliyekula leo hucheza leo na kesho. Baada ya siku 2 hadi 5, pengine zaidi, huanza kulegea. Fizi hupauka, hupumua kwa shida, damu hutoka puani au katika kinyesi. Wengi husema karogwa. Hakurogwa. Daktari akipewa habari mapema humpa vitamini K1, na mbwa wengi hupona. Kwa hiyo ukimwona mbwa amekula sumu ya panya, usingoje augue.

Ya tatu ni zinki fosfidi, unga wa kijivu au mweusi unaochanganywa na chakula ili kuua panya. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini yenye harufu ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza. Hatari yake ni kwamba gesi hiyo hudhuru hata binadamu. Mbwa akitapika ndani ya chumba au ndani ya gari, fungueni milango na madirisha, wala mtu asiinamie matapishi kuyanusa ili ajue ni nini.

Ya nne ni strikinini, sumu ya zamani iliyotumiwa katika nchi nyingi kuulia mbwa wazururaji. Mbwa hukakamaa miguu yote, shingo ikipinda nyuma, na sauti au mwanga mdogo tu huamsha degedege jipya. Mbwa wa namna hiyo afunikwe, asipigiwe kelele, apelekwe kwa daktari katika giza na utulivu.

Hapa tuweke onyo. Mbwa anayetokwa na udere na kutetemeka huenda ana sumu, na huenda ana kichaa cha mbwa. Kwa macho tu mtu hawezi kutofautisha. Kwa hiyo usimtie mkono mdomoni, hata kama ni mbwa uliyemlea. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikianza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemewa. Kinga ni ile ya kabla.

YALIYOWAPATA MAJIRANI

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya mbwa tu. Tutazame majirani.

Nchini Kenya dawa ya shambani iliyoitwa Furadan, ambayo ndani yake ni kabofurani, iliuzwa madukani ili kuulia wadudu wa mimea. Watu wakagundua kwamba punje chache zikinyunyizwa juu ya mzoga huua fisi, simba, tai na mbwa. Mwaka 2009, baada ya habari hiyo kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani, kampuni ya FMC iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa katika maduka ya Kenya. Hata hivyo mazoea hayakwisha. Mwezi Desemba 2015, katika Maasai Mara, simba wa kundi maarufu liitwalo Marsh Pride walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa dawa ya wadudu. Simba jike aliyeitwa Bibi, aliyejulikana duniani kwa filamu za televisheni, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Tuone hapa mnyororo: aliyeweka sumu aliikusudia kwa mmoja, lakini sumu haina barua yenye anwani. Huenda kwa kila mdomo unaofika.

Huko Afrika Kusini habari ni ya majonzi zaidi. Kwa miaka mingi wezi wa majumbani wametumia dawa ya shambani iitwayo aldikabu kuwaulia mbwa wa ulinzi; mitaani huiita kwa jina lenye maana ya "hatua mbili", kwa kuwa mbwa akiila hapigi hatua ya tatu. Dawa hiyo ilipigwa marufuku, lakini sumu nyingine za mashambani ziliendelea kuuzwa barabarani katika vipakiti na vichupa, wanunuzi wakiwa watu maskini waliochoshwa na panya waliozaliana katika taka zisizozolewa. Mwezi Oktoba 2024, katika mtaa wa Naledi huko Soweto, watoto 6 walikufa baada ya kula vitafunio. Mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa aliliambia taifa kwamba uchunguzi ulikuta terbufosi, dawa ya mashambani, ndiyo iliyowaua.

Ndugu wafanyakazi, tuyapime hayo. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba, ikatoka shambani, ikafika mtaani, ikaanza na mbwa na panya, ikamalizia na watoto. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 385 duniani hudhurika kwa dawa za mashambani bila kukusudia, na wapatao 11,000 hufa. Wengi wa hao ni wakulima na wafanyakazi wa mashamba. Mbwa wa Kinindo anapoanguka barabarani anatupigia kengele.

KUMFUNDISHA MBWA NENO MOJA

Ulinzi wa kwanza ni kamba fupi na macho ya mbele. Anayemtembeza mbwa atazame njia hatua kumi mbele yake, si simu iliyo mkononi. Apite katikati ya njia anapokaribia jalala, kabare au mfereji. Mbwa apewe chakula kidogo kabla ya kutoka, maana mwenye njaa huokota zaidi. Na kama kuna habari kwamba mbwa wa nyumba za jirani wamekufa ghafla, asitolewe nje bila kifungio cha mdomo kile chenye matundu kama kikapu, kinachomwezesha kupumua na kunywa maji lakini kinamzuia kuokota.

Ulinzi wa pili ni mafunzo. Mbwa afundishwe neno moja la kuacha kitu. Neno lenyewe ni lolote: Acha kwa Kiswahili, Reka kwa Kirundi, au neno la Kifaransa alilolizoea mwenye nyumba. Mbwa hajali lugha. Anajali kwamba neno liwe lile lile kwa zamu, kwa mpishi, kwa mama wa nyumba na kwa watoto. Kila mmoja akiwa na neno lake, mbwa hana neno.

Mafunzo yenyewe hayana gharama. Shika kipande cha ugali au cha mkate ndani ya ngumi iliyofumbwa, umwonyeshe mbwa. Atanusa, atalamba, atakwaruza kwa mguu. Nyamaza. Mara tu anapoondoa pua, sema neno, kisha mpe kipande kingine kizuri zaidi kutoka mkono wa pili. Rudia mara kumi kwa siku, dakika chache tu. Siku atakapoelewa, weka kipande chini na ukifunike kwa mguu. Baadaye kiache wazi huku umemshika kwa kamba. Mwisho jaribu njiani. Jambo kubwa ni kwamba aliyetii hapewi kile alichokiacha. Hupewa kingine, tena bora. Hivyo hujifunza kwamba kuacha kuna faida.

Kumpiga hakufai. Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kuokota hujifunza kuokota haraka na kumeza haraka zaidi kabla ya kiboko kufika. Akiwa na kitu mdomoni usimkimbize, kwa maana atakimeza akikimbia. Mwite kwa sauti ya kawaida, umpe kitu cha kubadilishana.

Kwa ajili ya usiku kuna somo la ziada: mbwa wa ulinzi azoezwe kula katika chombo chake tu, kwa saa zake, kutoka kwa watu wake. Kabla ya jioni kuingia na kabla ya asubuhi kufunguliwa, zamu azunguke ndani ya ukuta kwa tochi atazame kama kuna nyama, samaki au mkate uliotupwa. Akikuta, asiuguse kwa mikono mitupu, autie katika mfuko kwa kijiti na kumjulisha mwajiri na polisi. Nyama iliyotupwa ndani ya ua ni taarifa kwamba wageni wanakuja. Hiyo ni habari ya usalama wa zamu kuliko ya mbwa.

AKISHAMEZA, TUFANYE NINI?

Mwondoe mbwa mahali pale ili asiongeze. Tazama saa. Chukua sehemu ya kile alichokula, au kopo lake, au pakiti yenye maandishi. Hiyo ndiyo itakayomwongoza daktari kuliko maelezo marefu. Kama sumu ipo kwenye manyoya, mwoshe kwa maji na sabuni ukiwa umevaa mifuko au glavu mikononi. Kisha mpigie daktari wa mifugo na mpeleke.

Sasa tuseme yale yasiyofaa, kwa kuwa ndiyo yanayofanywa zaidi. Maziwa si dawa ya sumu. Mafuta ya mawese si dawa ya sumu. Baadhi ya sumu huyeyuka katika mafuta na kuingia mwilini kwa haraka zaidi. Maji ya chumvi ya kumtapisha yaweza yenyewe kumuua. Mbwa anayetetemeka au aliyezimia akimiminiwa kitu chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Na aliyemeza asidi ya betri au mafuta ya taa akitapishwa, atadhurika mara mbili. Kumtapisha ni uamuzi wa daktari. Kazi ya mfanyakazi ni kuwahi.

Akifa, mzoga usitupwe mtoni Muha wala jalalani. Uzikwe katika shimo refu mbali na maji, maana sumu iliyomo tumboni mwake bado ina kazi. Tumeona yaliyotokea Mara. Tena nyama yake na matapishi yake visiachwe wazi kwa kuku na mbwa wengine.

KAZI YETU VIWANDANI NA MASHAMBANI

Hadi hapa tumesema na yule mwenye kamba mkononi. Sasa tuseme na sisi wenyewe: sisi wa pamba ya Imbo, wa michikichi ya Rumonge, wa chai ya Teza na Rwegura, wa miwa ya Moso, na sisi wa viwanda vya Bujumbura.

Dawa isitoke kazini. Twajua jinsi inavyotoka: jirani anasumbuliwa na panya au kunguni, anaomba "kidogo tu", nawe unamsaidia kwa wema. Lakini kile kidogo hufika bila maandishi, bila kipimo na bila onyo, katika chupa iliyokuwa na soda. Anayeikuta chupa hiyo hajui kama ni kinywaji au ni kifo. Wema wa namna hiyo ni deni linalolipwa na mtoto wa mwingine.

Makopo matupu yasiende nyumbani kuchotea maji. Yaoshwe mara tatu, maji yake yarudi katika pampu ya kunyunyizia, kisha yatobolewe na kurudishwa kwa mwajiri. Nguo na viatu vya kunyunyizia visilale mlangoni ambapo mbwa hulamba na watoto huchezea. Vifuliwe peke yake. Chambo cha panya kiwandani kiwekwe ndani ya visanduku vilivyofungwa, mdomo wa mbwa na mkono wa mtoto visifike, na idadi ya visanduku iandikwe.

Hayo si mzigo wa mfanyakazi peke yake. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unataka uwepo mpango wa kukusanya na kuteketeza kwa usalama dawa zilizochakaa na vyombo vitupu, ili visitumiwe kwa kazi nyingine. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Basi msimamizi akisema kwamba makopo ni shauri lako, wajumbe wetu wa matawi wanalo la kumjibu.

HAKI YA ANAYEMTEMBEZA MBWA

Kwa ndugu zetu wa majumbani tunasema hivi. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 wa shirika lile lile unasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani anayo haki ya mazingira salama ya kazi. Kama kazi yako ni pamoja na kumtembeza na kumtunza mbwa, omba mambo manne tangu siku ya kwanza, tena yaandikwe: kamba imara na kifungio cha mdomo, mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa na cheti ukione, namba ya simu ya daktari wa mifugo ibandikwe langoni, na ruhusa ya kumpeleka mbwa kwa daktari mwajiri asipokuwepo, pamoja na nauli iliyowekwa tayari kwa ajili hiyo.

Mbwa akiokota sumu iliyotupwa na mwizi, zamu hakumuua. Kumkata mshahara mtu aliyekuwa katika zamu yake, bila uchunguzi na bila kumsikiliza, ni dhuluma, na jambo la namna hiyo liletwe katika chama. Lakini nasi tuwe na mkono safi: zamu aliyeacha kamba ili azungumze na rafiki, au aliyeona dalili saa mbili usiku akanyamaza mpaka asubuhi kwa hofu ya kulaumiwa, amepoteza saa ambazo daktari alizihitaji. Kusema mapema ni kinga ya mbwa na ni ushahidi wa mfanyakazi.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Tunawaomba wajumbe wa matawi wayasome haya katika mikutano yao, na mazamu wa Kinindo, Kibenga na Kinanira wajuane na kupeana habari asubuhi: mtaa gani umeonekana nyama iliyotupwa, nyumba gani mbwa amekufa, jalala gani limemwagwa dawa. Na kila mmoja wetu leo jioni, kabla ya kutoka langoni pa kazi, atazame mfuko wake na mikono yake. Kilicho cha ghala kibaki ghalani.